Glovu ya Mama Kwenye Injini ya Baba

"Wifi! Karibu wifi yangu, karibu..."

Mwenzenu nikageuka nyuma nione nani anaitwa wifi. Hakukuwa na mtu. Wifi nilikuwa mimi.

Aliyeniita ni mwanamke ambaye sijawahi kumwona maishani mwangu. Amevaa ovaroli lenye madoa ya rangi, amesimama kando ya Mini nyekundu yenye paa jeupe.

Na aliyemshika kiuno alikuwa mchumba wangu.

Mchumba wangu mimi! Yule aliyeniaga asubuhi ile ile kwamba anasafiri kikazi. Pete yake nilikuwa nayo kidoleni.

"Alinionyesha picha yako," yule dada akaendelea, anacheka kwa furaha kabisa. "Akaniambia ndiye dada yake wa pekee. Nilikuwa na hamu ya kukujua, wifi."

Dada yake. Jamani...

Nilimtazama yule mwanaume. Mimi na mashoga zangu tulikuwa tunamwita Mkurugenzi, maana ana kadi za biashara na hana biashara. Uso ulikuwa umemshuka, lakini mkono hakuutoa kwenye kile kiuno.

Sasa nisikilizeni. Hata hilo la kuitwa wifi halikuwa kubwa zaidi siku ile.

Kubwa lilikuwa chini ya boneti.

Kila mwezi sisi wapenzi wa vigari vya Kiingereza vya zamani tunakutana kwenye uwanja wa kituo cha mafuta. Tunafungua maboneti, tunaoneshana injini, tunadanganyana kuhusu spidi. Mkurugenzi sikuwahi kumleta pale, na alijua siku hiyo sikupanga kwenda. Nilikuwa napita zangu, nikasikia sauti.

Injini uliyoijenga kwa mikono yako huwezi kuisahau sauti yake. Ile ikiwa imetulia inachechemea kidogo, kama mtu mwenye kokoto kwenye kiatu. Ukiikanyaga, inaimba.

Niliijenga na baba yangu, mwaka wake wa mwisho duniani. Tulizitanua silinda, tukatia pistoni kubwa, tukaweka kamshafti kali, ya kufungua vali zaidi, na kabureta mbili. Njia za hewa kwenye silinda hedi baba alizikwangua mwenyewe, anapitisha kidole ndani, ananiambia, "Bado, mwanangu. Hapa hewa itajikwaa."

Hakuwahi kuiona ikiingia kwenye gari. Tuliiwasha ikiwa kwenye stendi yake ya chuma, yeye kakaa kwenye kiti cha plastiki, kafumba macho anaisikiliza. Tukamzika muda mfupi baadaye.

Halafu injini ikaibwa.

Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho na mimi namuuguza. Mkurugenzi ndiye aliyenipigia simu. Gereji yangu imevunjwa, injini ya mzee imeondoka. Nilipofika nilikuta kufuli limekatwa na stendi iko tupu. Mwenzenu, yule mwanaume alilia! Alilia kuliko mimi. Mimi ndiye niliyembembeleza.

Na sasa injini ilikuwa inachechemea mbele yangu, ndani ya Mini nyekundu.

"Ni zawadi yangu ya uchumba," yule dada akasema. "Gari ni langu, rangi nimepiga mwenyewe, ndiyo kazi yangu. Injini kaniletea yeye. Kasema kaijenga kwa mkono wake."

"Kaijenga yeye?"

"Ndiyo, wifi."

Nikainama. Na hapo nikaiona glovu.

Kwa wasiojua Mini, distribyuta, kile kidude kinachogawa moto kwenda kwenye plagi, imekaa mbele kabisa, nyuma tu ya wavu wa kuingizia hewa. Maji yakirukia pale, moto unapotea, gari linazima. Baba alilitatua hilo jikoni. Alichukua glovu ya mama ya kuoshea vyombo, ya kulia, ya kijani, akaivalisha distribyuta. Akakata ncha za vidole, akapitisha nyaya. Nyaya tano, vidole vitano. Ukiiona utadhani mtu anakupungia kutoka ndani ya injini.

Mama aligomba wiki nzima. "Kwa hiyo mimi nioshe vyombo kwa mkono mmoja?"

Na kwenye kidole gumba kulikuwa na kiraka cha mpira wa baiskeli, mama alikibandika mwenyewe.

Kiraka kilikuwepo.

Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Hii injini ni ya baba yangu. Iliibwa kwenye gereji yangu."

Watu wakasogea. Mwenyekiti wetu, ambaye siku za kazi ni daktari wa meno, akaja na soda yake mkononi.

Mkurugenzi akacheka. Akamgeukia Mwenyekiti, akashusha sauti ya huruma. "Msameheni dada yangu. Tangu msiba wa mzee hayuko sawa. Kila injini anaona ni ya baba."

Nyie... Alichukua injini ya baba yangu, sasa anachukua na akili zangu.

"Glovu hiyo ni ya mama yangu," nikasema. "Ina kiraka kwenye kidole gumba."

"Hii takataka?"

Akatoa kisu kidogo mfukoni. Akaichana glovu kutoka juu hadi chini, akaivuta, akaitupa kwenye pipa la taka karibu na pampu. Distribyuta ikabaki wazi.

"Haya," akasema. "Glovu gani?"

Nilitaka kumrukia. Kweli tena, spana ilikuwa mfukoni na mkono ulishaishika. Halafu nikaitazama ile distribyuta, iko uchi nyuma ya wavu. Hasira ikatulia. Haikuondoka, ilikaa chini ikaanza kupanga.

"Basi tushindane," nikasema. "Jumapili ijayo, barabara ya machimbo, kutoka chini mpaka juu. Ukinishinda sitasema tena. Nikikushinda, injini inarudi nyumbani."

"Kwa gari lipi?"

"La mama."

Watu wakacheka, na mimi sikuwalaumu. Mini ya mama ina injini yake ile ile ndogo iliyozaliwa nayo. Inaendea sokoni, tena siku za jua tu.

"Mimi nakubali," yule dada akasema taratibu. Alikuwa ameacha kucheka. "Gari ni langu. Akishinda, injini achukue."

"Mwenyekiti shahidi," Mkurugenzi akasema, kavimba kifua.

Barabara ya machimbo, kabla haijaanza kupanda, inakatizwa na kijito. Maji yanapita juu ya lami mwaka mzima, yanafika juu kidogo ya kifundo cha mguu. Niliichagua kwa ajili hiyo hiyo. Kwa roho mbaya kabisa, wala sifichi.

Nilikwenda jikoni kwa mama. Glovu ya kushoto ilikuwa bado inaning'inia kwenye msumari wake.

"Mama, naomba hii."

Aliniangalia kwa yale macho yake mapya. "Ya kulia iko wapi?"

Nikamweleza yote. Akaishusha glovu, akanikabidhi.

"Kampige," akasema. "Halafu unirudishie zote mbili."

Jumapili ikafika. Mkurugenzi kavaa miwani ya jua na glovu za ngozi za kuendeshea. Yule dada akaingia kiti cha pembeni.

"Shuka, utaongeza uzito," akamwambia.

"Gari langu, nashuka niende wapi?"

Mwenyekiti akashusha leso.

Jamani, injini ya baba! Iliondoka kama imeitwa. Roho ilinitoka kwa fahari na uchungu kwa pamoja. Ilikuwa inaimba, na anayeiendesha ni mwizi wake. Mimi nyuma nakanyaga mafuta mpaka sakafuni, Mini ya mama inalalamika kila gia.

Alinipotea kwenye kona ya kwanza. Kona ya pili nikatega sikio, je, anapunguza? Hapana. Hakupunguza. Aliingia kijitoni na spidi yote, maji yakapasuka pande mbili, ukuta mzima wa maji ukajaa kwenye wavu wa mbele.

Injini ikakohoa mara moja. Kisha kimya.

Nilipofika, Mini nyekundu ilikuwa katikati ya maji, mvuke unatoka kwenye boneti. Mkurugenzi anazungusha swichi, starta inalia, moto hakuna.

Nikaingia majini taratibu, gia ya kwanza, jinsi baba alivyonifundisha. Maji yakarukia glovu ya kushoto ya mama, niliyoivalisha distribyuta, yakateleza. Nikasimama sambamba naye, nikasukuma kioo cha dirisha.

"Kaka," nikamwambia. "Vipi, dada yako akusukume?"

Akazungusha swichi tena, starta ikalia. Nilikisubiri kile kilio wiki nzima, na kilikuwa kitamu.

Nikataka kuondoa gari. Ghafla mlango wa pili wa Mini nyekundu ukafunguka. Yule dada akashuka, maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu, akavuka, akafungua mlango wangu, akaketi.

"Wifi," akasema, "twende juu."

"We! Unakwenda wapi?" Mkurugenzi akapiga kelele.

"Kumsindikiza dada yako."

Tukapanda. Mini ya mama ilikuwa haina haraka, na sisi pia. Kule juu nikazima gari. Yule dada akafungua mkoba wake, akaniwekea kitu mapajani.

Glovu ya kulia. Imebandikwa upya kutoka juu hadi chini, kwa viraka vya mpira wa baiskeli, na kile cha zamani kipo mahali pake.

"Niliitoa kwenye pipa mlipoondoka," akasema. "Nilimuuliza, kama si ya huyo dada, kwa nini umeichana? Akaniambia nisimchoshe. Siku mbili baadaye nikaosha gari. Nilikuwa naliosha kila wiki, halijawahi kuzima. Siku hiyo likagoma. Akafungua boneti, akakuna kichwa, akasema labda ni betri. Aliyeijenga injini asijue imelowa wapi? Nikakausha mwenyewe kwa kitambaa, likawaka."

"Kwa hiyo ulijua atazima kijitoni."

"Nilijua."

"Na hukumwambia?"

"Aliniambia nisimchoshe."

Tulicheka mpaka machozi yakatoka. Yangu yalikuwa ya baba kidogo.

"Na ile pete yako?" akauliza baadaye. "Ni ya kaka?"

Nikamwonyesha. Akanyoosha mkono wake. Zilifanana, hata mkwaruzo wa kiwandani ulikuwa pale pale. Tulipofika chini tulizitundika zote mbili kwenye kioo cha kutazamia nyuma cha Mini nyekundu, tukamwachia huku bado anazungusha swichi.

Mwenyekiti, shahidi wetu, alisimamia gari livutwe hadi gereji yangu, na injini imerudi nyumbani. Nimeifunga kwenye Mini ya mama, na mama anaendea sokoni kwa sauti ambayo majirani wanatoka nje kuisikiliza. Yule dada anapiga rangi kwenye gereji yangu, na mimi namjengea injini yake mwenyewe. Bado ananiita wifi. Nimezoea.

Mkurugenzi alinipigia juzi. Anataka tuzungumze kama watu wazima. Nikamwambia namba hii ni ya dada yake, na dada yake hayuko sawa tangu msiba.

Msomaji wangu, ukiibiwa, usikimbilie kupiga kelele mpaka koo likauke. Mwache mwizi ajisifu. Akijisifu vya kutosha atakiondoa mwenyewe kile kitu kidogo kilichokuwa kinamlinda, kwa sababu hajui ni cha kazi gani.

Mama naye kanipigia asubuhi hii. Vyombo vimejaa, anauliza glovu zake zinarudi lini.