Kichekesho cha Nels

Hawa ni majirani zetu, wa nyumba ya kijani pale kona, na mtaa mzima wa Kelsey Grove uliiona taa ya baraza lao ikiwaka jioni ile. Ilikuwa haijawaka tangu Machi. Sitaki mtu aniambie kwamba watu wa Iowa hawana mambo ya namna hii. Tunayo, ila tunayanyamazia.

Alhamisi ile ilianza kawaida kabisa. Mashine za kuvuna mahindi ziliunguruma nje ya mji tangu alfajiri, vumbi la mabua likatua juu ya magari, na Maren, binti wa miaka kumi na sita, alisimama jikoni akitafuna mkate huku mama yake akihangaika kutafuta funguo. Mama yake, Kirsten, ni mpishi katika nyumba ya wazee. Jioni ya Halowini, watoto wanapojivika kama mizuka na vioja na kwenda kuomba pipi nyumba kwa nyumba, kila mzazi hukwepa zamu ya kazini. Yeye alikuwa ameiomba mwenyewe.

"Nitarudi mitaa ikishatulia," alisema. "Taa ya nje usiwashe."

"Siwashi, Mama."

"Watoto wakiona giza watapita tu. Hawana ugomvi na mtu."

Akatoka kwa mlango wa jikoni. Ule wa mbele hakuutumia tena tangu siku walipomtoa Nels, mwanawe mdogo, kupitia pale, amefunikwa. Baba yao, dereva wa malori ya masafa, hupiga simu Jumapili akiwa huko aliko, na akipiga huzungumzia hali ya hewa.

Maren aliposikia gari likiondoka aliona aibu, maana alikuwa amedanganya.

Mambo yalianzia mwaka uliotangulia. Maren na rafiki yake Tavian walikuwa wanatengeneza filamu ya kuchekesha kwa simu, ya kuonyeshwa shuleni. Dada anampeleka mdogo wake kuomba pipi usiku wa Halowini, anampoteza, na mji mzima umejaa watoto waliojifunika mashuka. Kila mzuka anayemkamata si wake. Mmoja anakuwa mchungaji wa kanisa la Kilutheri, mwingine ni nguruwe aliyetoroka zizini, na katikati ya vurugu boga kubwa linabiringika kilimani na kutua juu ya gari la polisi. Polisi mwenyewe alikubali kuigiza, akacheka mpaka kofia ikamdondoka.

Mdogo huyo aliigizwa na Nels, mtoto wa miaka minane. Alilichukua shuka la mama yake lenye maua ya buluu bila kuomba ruhusa, akalitoboa matundu ya macho, moja kubwa, moja dogo. Mama alifoka. Alitaka vile viduara vya kitambaa ili avishone tena mahali pake.

"Nimevificha," Nels alimwambia. "Hata ukipindua nyumba huvipati."

Huku kwetu mtoto hapewi pipi bure. Anabisha mlango wenye taa, anatoa kichekesho, ndipo anapewa. King'ora cha zimamoto kikilia saa kumi na mbili jioni wanaanza. Kikilia tena saa mbili, kila mtoto anarudi kwao. Nels alikuwa na kichekesho kimoja tu, alichokitunga mwenyewe. "Mzuka alirudi kwao. Akabisha mlango. Mama yake akauliza, nani? Mzuka akajibu..." Akifika hapo kicheko kinamshika, anajikunja, anakaa chini, na hakuna aliyewahi kusikia jibu. Watu walimpa pipi kwa kumhurumia.

Filamu ilibakiza tukio moja, la mwisho. Mzuka anarudi nyumbani peke yake, anabisha, anatoa kichekesho chake. Nels aliapa kwamba kwenye kamera atakimaliza. Lakini king'ora cha saa mbili kilipolia usiku ule alikuwa anachemka kwa homa, wakasema watapiga kesho. Kesho yake walikuwa hospitali. Ugonjwa ulikuwa kwenye damu, na ulikuwa umemzidi kimya kimya kwa muda mrefu. Mwezi wa Machi walimzika na lile shuka, maana ndilo aliloomba. Baada ya mazishi mama alipindua nyumba kweli. Alivua mito foronya, akang'oa zulia la chumbani, akitafuta viduara viwili vya kitambaa. Hakuvipata. Tangu hapo hakuna aliyemsikia akicheka.

Kicheko hicho ndicho Maren alichokitaka. Kuimaliza filamu, amkalishe mama yake mbele yake, aone yule nguruwe, aone lile boga, acheke hata mara moja. Tavian ana binamu aitwaye Otis, wa umri uleule wa Nels. Akijifunika shuka, nani atajua?

"Na jibu la kichekesho?" Maren aliuliza walipokuwa wanapanga.

"Tutabuni."

"Tubuni nini? Kilikuwa chake."

Tavian, ambaye kwa kawaida haishiwi maneno, alikuna kichwa. "Basi Otis atacheka tu, kama alivyokuwa anacheka yeye. Tutaishia hapo."

King'ora cha kwanza kilipolia, Maren aliwasha taa ya baraza. Balbu ilisita kidogo, kisha ikawaka. Mlango wa mbele ulikuwa umekwama kwa kutofunguliwa, akausukuma kwa bega. Tavian alijibanza na simu yake nyuma ya kichaka cha maua kilichokwisha pukutika majani. Otis aliambiwa azunguke kona na shuka lake jeupe jipya, asubiri king'ora cha pili, ndipo aje.

Kitu ambacho hawakukifikiria ni kwamba taa ikiwaka, watoto watakuja. Walikuja kwelikweli, maharamia, kunguru, hindi la kuvuna lenye miguu. Maren hakuwa na pipi ila bakuli la tofi za siagi ya karanga, zile za karatasi ya rangi ya machungwa ambazo hakuna mtoto anayezitaka. Nels peke yake ndiye aliyekuwa anazipenda.

"Dada, hizi ni za bibi yangu," alilalamika haramia mmoja. "Zina umri wake."

"Chukua uende zako. Na kichekesho chako hakikuchekesha."

"Ungenipa chokoleti kingechekesha."

Maren alijikuta anatabasamu. Wakubwa waliowaleta watoto walisimama njiani wakiitazama taa ile, wengine wakampungia mkono polepole. Hakuna aliyeuliza kitu. Mvua nyepesi ikaanza.

Saa mbili king'ora kikalia. Kililia muda mrefu, kikapanda, kikashuka, kikafia mashambani. Watoto wakaitwa. Milango ikafungwa mmoja mmoja, taa za mabaraza zikazimwa mtaa mzima. Ikabaki ya kwao.

Maren aliingia ndani, akafunga mlango, akasubiri nyuma ya kioo kama walivyopanga.

Mzuka akatokea kona.

Alitembea katikati ya barabara tupu, bila haraka, akiburuta shuka kwenye majani yaliyolowa. Akapanda ngazi. Akasimama chini ya taa.

Shuka lilikuwa na maua ya buluu.

Wazo la kwanza la Maren lilikuwa hasira. Alidhani Tavian amemtafutia Otis shuka la kufanana na lile, ili filamu ioane. Akafungua mlango kidogo.

"Otis," alinong'ona. "Hilo shuka umelitoa wapi?"

Mzuka akainua uso. Tundu moja la macho lilikuwa kubwa. Moja dogo. Mvua ilikuwa inanyesha, na shuka lilikuwa kavu.

"Nina kichekesho," alisema.

Maren aliijua sauti ile. Aliwahi kuifokea itoke bafuni. Aliwahi kukesha nayo usiku kucha ikiomba maji. Mkono ukabaki kwenye kitasa, akawa hawezi kufungua wala kufunga.

Nyuma yake mlango wa jikoni ukagonga ukuta. "Nani kawasha taa?" Mama alikuwa amerudi mapema, koti lingali mwilini. "Maren, nilikwambia nini? Nimeiona tangu mwisho wa mtaa. Nilikwambia..."

Hakumaliza. Alikuwa amefika sebuleni.

"Mama, usije," Maren alinong'ona. "Rudi jikoni. Tafadhali."

Mama akaja. Alikuja taratibu, mikono mbele, kama mtu anayetembea gizani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akatazama matundu yale mawili. Nyuma ya matundu hayo hapakuwa na macho. Palikuwa na giza tu.

Maren alitaka kuzima taa. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye swichi. Alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba taa ikizimwa mtoto ataondoka. Ndivyo wanavyofundishwa wote tangu wadogo.

"Wacha," mama alisema.

"Mama, siye. Hawezi kuwa yeye."

"Nimesema wacha."

Shuka likatikisika kidogo. "Mlango ufungwe kwanza," mzuka alisema, kwa uvumilivu wa mtoto anayewaeleza wakubwa mchezo. "Kinaanza mlango ukiwa umefungwa."

Mama akaufunga.

Wakasimama ndani, wawili. Maren alisikia pumzi ya mama yake. Akasikia mvua kwenye paa la baraza. Kisha mlango ukabishwa, chini kabisa, kwenye urefu wa mkono wa mtoto.

Mama akaweka kiganja kwenye ubao wa mlango.

Ukabishwa tena.

"Nani?" mama akauliza. Sauti ilimpasuka katikati.

Nje, kicheko kikaanza. Kilianza puani kama siku zote, kikapanda, kikamzidi. Maren akafumba macho. Akajua kitaishia palepale kilipoishia kila mara, atajikunja, atakaa chini, hatamaliza. Na hawatajua tena.

Kicheko kikatulia. Akavuta pumzi.

"Hakuna mtu, Mama."



Halafu Kirsten akacheka. Kicheko kilimtoka akiwa ameegemeza paji la uso kwenye mlango, mikono yote miwili imeushika ule ubao, akacheka mpaka akakosa pumzi, na machozi yakamshuka mpaka kwenye kola ya koti. Maren alimshika kiunoni asianguke. Walikuwa hivyo kwa muda.

Mama alipofungua, baraza lilikuwa tupu. Taa iliwaka juu ya mbao kavu.

Tavian ndiye aliyekuja anakimbia bustanini, simu mkononi, akimkokota Otis aliyekuwa analia. Shuka jeupe la Otis lilikuwa limechanika.

"Samahani, aisee, samahani sana. Huyu dogo amenasa kwenye uzio wa jirani, nimemsikia sasa hivi anaita." Alimwona mama yake Maren, akaiteremsha simu. "Mama Maren. Shikamoo. Hatukujua... Tunaweza kuacha, kama hutaki."

"Ulikuwa unapiga picha?" Maren aliuliza.

"Muda wote. Lakini sikuwaelewa. Umefungua mlango, umeongea na baraza, mkafunga. Nikadhani mnafanya mazoezi."

Wakaitazama picha hiyo wakiwa jikoni, wote wanne, Otis akiwa amefungwa taulo. Mlango ulifunguka, Maren akainamisha kichwa akinong'ona, mama akatokea nyuma yake. Hapakuwa na mwingine. Mlango ukafungwa. Wakasikia "Nani?", kisha mvua, mvua tu, kisha kicheko cha mwanamke ndani ya nyumba.

Tavian alitaka kuifuta. Mama alimzuia, akamwambia filamu imekwisha, ndivyo inavyoishia, na akaomba aonyeshwe yote tangu mwanzo. Alicheka kwa nguruwe. Kwa boga alicheka kidogo tu, kwa sababu pale Nels anaonekana akiruka, na shuka linapanda, na viatu vyake vinaonekana.

Wageni walipoondoka, Maren aliuliza kama azime taa.

"Iache."

"Atarudi?"

Mama aliitazama taa. "Amekwisha kunijibu," alisema, na hapo ndipo alipolia kilio chenyewe, kile cha sauti, ambacho Maren alikuwa anakiogopa tangu Machi. Alikaa naye sakafuni. Alimpapasa mgongo kama mama mwenyewe alivyokuwa anampapasa Nels akitapika.

Kabla ya kulala Maren alifunga mlango wa mbele kwa funguo, akafunga na wa jikoni, akaliweka bakuli la tofi juu ya kabati, mbali na paka.

Asubuhi mama alilishusha ili azitupe zilizobaki. Maren alimwona akisimama, akichambua, akiokota moja. Karatasi ya rangi ya machungwa ilikuwa imesokotwa ncha zote mbili kama zile nyingine, lakini ndani yake palikuwa laini. Mama akaifungua. Hapakuwa na tofi.

Palikuwa na viduara viwili vya kitambaa chenye maua ya buluu, kimoja kikubwa, kimoja kidogo, kingo zake zimekatwa ovyo kwa mkasi wa mtoto. Vilikuwa na baridi. Mama aliviweka kiganjani, akaviangalia kwa muda mrefu, kisha akamwomba Maren amletee sindano. Maren aliileta, na uzi wa buluu, na ndipo wote wawili wakakumbuka kwamba shuka lenyewe halipo tena ndani ya nyumba.