Laetitia Hakugeuka

Ndugu zangu, injini ya ile ndege ndogo ilizimika mbele ya macho yangu... na ndani alikuwa Laetitia, mtoto wangu pekee.

Mimi nilijua anasomea ualimu.

Ilikuwa 2012. Jumapili tano nilimngoja, nikapika sombe, majani ya muhogo, ya watu wawili, nikala peke yangu chumbani kwangu mtaa wa Point. Kwenye simu: "Maman, niko na mtihani." Kila mara mtihani.

Ya sita, nilipotoka kanisani nikaenda mtaa wa Glenwood alikopanga. Constance, mwenzake wa chumba, akashika mdomo.

"Maman, hakukuambia? Alipata bourse, analipiwa masomo ya urubani. Leo anarusha peke yake, mara ya kwanza."

Nimemzaa mimi, na mimi ndiye wa mwisho kujua.

Nikapanda taxi mpaka ule uwanja mdogo wa ndege karibu na bahari. Nikasimama kwenye fensi. Fundi mmoja wa ndege, Mkongo, Zénon, niliyemuuliza Laetitia, akanionyesha kwa kidole.

"Ni ile nyeupe, Maman. Inaondoka sasa."

Ikapanda. Ilipita miti kidogo tu... kisha injini kimya.

Zénon akaanza kunong'ona: "Asigeuke. Asigeuke."

"Asirudi kwa nini? Uwanja si iko hapo nyuma yake?"

"Iko chini sana, Maman. Akigeuka anaanguka. Aende mbele tu."

Nilitafuta sala ya Baba Yetu mdomoni, sikuiona.

Haikugeuka. Ilishuka mbele, ikapotea nyuma ya vichaka, upande wa bahari.

Tulikimbia. Nikamkuta amekaa mchangani, pua ya ndege imezama, damu kwenye nyusi.

"Maman? Nani alikuambia?"

"Nyamaza. Hukugeuka kwa nini?"

"Mwalimu alitufundisha. Lakini mikono ilitaka kurudi... nikasikia wewe. 'Ukikimbia usigeuke. Baba yako aligeuka.'"

Nikakaa mchangani kando yake. Neno hilo namwambia tangu tukimbie vita Uvira. Nusu yake sikuisema, miaka kumi na sita.

"Wewe umenificha ndege," nikamwambia. "Mimi nimekuficha baba yako. Hakugeuka kwa kupenda kwake. Nilimtuma mimi arudi nyumbani. Nilisahau kitenge changu cha harusi, akaenda kukichukua, hatukumwona tena."

Alifuta damu kwa kiganja, akatazama maji.

Wamama wenzangu, tunasema siri inamlinda mtoto. Yangu haikumlinda mtu. Ilikaa tu na mimi, kama mpangaji asiyeongea. Semeni mapema, mtoto angali karibu.

Jumapili iliyofuata alikuja. Hatukuongea sana. Lakini niliosha sahani mbili.