Amplifaya ya Baba na Mjerumani wa Toledo

Amplifaya yangu ilikuwa Ujerumani. Ndivyo nilivyoambiwa...

Sasa mbona nimeinua shuka kwenye chumba cha chini cha Gordy, hapa hapa Toledo, Marekani, na naiona?!

Nikaigusa. Bado ina joto!

Ngojeni niwape mkasa.

Gordy Pruitt ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha kusikiliza santuri. Kila Jumapili mchana tunajaa kwake, tunakula chili, ule mchuzi wa nyama na maharage, na kubishana spika ipi kali. Mtu wa kujishaua balaa.

Mwezi wa tatu nikaamua kuuza amplifaya ya marehemu baba. Mama hasikii tena, na mashine za masikio bima imekataa kulipia.

"Nakupa dola mia nne," Gordy akasema.

"Mia nne? Una akili timamu wewe?"

"Basi iweke mtandaoni, dada. Wajerumani wanapenda vya zamani. Omba elfu mbili!"

Nikaiweka. Siku mbili tu, Jurgen wa Hamburg akalipa zote! Akataka mzigo uende ghala moja New Jersey, eti wao watamsafirishia. Mimi na ujinga wangu, nikatuma.

Wiki tatu baadaye, ujumbe wa Jurgen...

"Mbovu. Inavuma. Nirudishie pesa."

"Rudisha mzigo kwanza."

"Nimeshautupa."

Akalalamika kwa tovuti, nayo ikazuia pesa zangu. Mama akauliza mashine zake zinakuja lini. Nikamwandikia kwenye karatasi: bado. Halafu nikaenda kulia chooni.

Nilipotulia nikamwuliza Jurgen: "Uliiunganishaje na umeme?"

"Moja kwa moja ukutani."

Weee! Amplifaya ya Marekani kwenye umeme wa Ujerumani, mara mbili ya wetu? Isingevuma, ingetoa moshi! Huyu Hamburg kaiona kwenye kalenda.

Nikadai video. Akatuma. Giza, mvumo... na nyuma yake santuri ya piano. Maana sisi wagonjwa wa santuri hatuwezi kuwasha amplifaya tukaiacha kimya.

Santuri ikaruka. Ikaruka tena. Palepale!

Mruko ule naujua vizuri. Mimi ndiye niliyedondosha sindano juu ya santuri ile, Krismasi, nyumbani kwa Gordy!

Ndiyo maana Jumapili ile niliinua shuka. Nikawaita wote.

"Gordy, hii nini?"

"Aah... nimenunua kwa jamaa mmoja. Humjui."

Nikatoa simu, nikamwandikia Jurgen: Habari za Hamburg?

Ngriii! Mfukoni mwa shati la Gordy.

Darlene, mkewe, kasimama na bakuli la chili. "Gordy... Jurgen ndiye wewe?"

"Nilitaka kuisikiliza tu..."

Kuisikiliza! Bwege mzima, ndevu nyeupe, anamwibia mama kiziwi masikio yake!

"Futa malalamiko yako. Sasa hivi, tunakuangalia."

Akafuta.

"Na amplifaya?" akauliza kwa sauti ya panya.

"Baki nayo, Jurgen. Ulitaka kwa mia nne, umelipa elfu mbili. Bei uliipanga mwenyewe!"

"Elfu mbili?!" Darlene akapiga kelele. "Zile za kutengeneza paa letu?!"

Nikachukua koti langu. Hayo mengine yalikuwa yao.

Nyie mnaouza vyombo vya muziki nje, sikilizeni. Anayesema yuko Hamburg, mtumie Hamburg. Mwulize habari za umeme wake. Na pesa usirudishe mpaka mzigo umeushika mkononi!

Mama sasa anasikia mpaka friji inavyonguruma. Juzi Gordy aliacha ujumbe wa sauti, dakika nne za kuomba msamaha na makamasi. Nikamwekea mama.

Akasikiliza kidogo, akakunja uso.

"Hizi mashine zinazimwa wapi?"