Bangili ya Mama Sikitu

Ndani ya tumbo-kioo, kitoto kisichotimia kilo moja kilielea katika maji ya uvuguvugu, mrija laini ukikilisha kupitia kitovuni. Mashine ilikipumulia, ikakichujia damu, na ingekitunza hivyo mpaka mapafu yakomae. Lo, binadamu kafika mbali jamani!

Lakini Mhandisi Leokadia Msengi hakumtazama mtoto. Macho yake yalikuwa kwenye bangili-pima, kifaa alichokibuni mwenyewe. Tangu wajawazito wa Singida waanze kuvishwa bangili hiyo, inayosoma presha saa zote na kuita gari la wagonjwa kabla mtu hajajijua, hakuna mama aliyekufa. Mpaka leo. Sikitu, binti wa miaka kumi na mitano, aliletwa adhuhuri akitupatupa viungo kwa kifafa cha mimba, na alasiri haikumkuta; kitoto hiki ndicho alichokiacha. Umri ule mwili wenyewe bado unakua. Ugonjwa huo huwavamia zaidi wasichana kama yeye, na watoto wao mara nyingi huzaliwa njiti. Bangili ingeonya mapema. Mbona ilinyamaza?

Mama yake Sikitu alikuwa sakafuni, khanga kajifunika hadi machoni.

"Mama, bangili inaonyesha presha nzuri miezi yote. Mwanao alikuwa akiivua?"

"Hakuivaa hata siku moja. Niliivaa mimi."

"Wewe?"

"Nilijiandikisha mimi. Mkojo wa kupima nikapeleka wake. Nikajifunga matambara tumboni, majirani nikawaambia Mungu kanijalia uzeeni. Yeye nikamficha ndani. Nilitaka mtoto aitwe wangu, binti yangu arudi shule, watu wasimnyooshee kidole."

Leokadia akakaa naye palepale chini. Alipobuni bangili alifikiria betri, maji, mtandao kukatika. Aibu hakuifikiria. Alitaka kumfokea mama huyu, ila moyo ulimuuma mno.

"Hakulalamika kichwa?"

"Alilalamika, mwanangu. Kichwa, miguu kuvimba, macho kuona ukungu. Nikamwambia vumilia, mimba ndivyo zilivyo."

"Na wewe hukuogopa?"

"Niliogopa sana." Akaushika mkono wake mtupu, pale bangili ilipokuwa. "Kila nikiogopa naitazama bangili. Inawaka kijani. Nilijua ni damu yangu inayopimwa, lakini nikiiona kijani, natulia."