Aliyelia Nyuma ya Pazia

Jua lilikuwa linazama fundi cherehani alipofunga kibanda chake na kwenda kwa mama muuza mitishamba, nyuma ya soko. Siku zake zilikuwa zimekaribia. Kila mwezi ilikuwa hivyo hivyo kabla ya damu: matiti yanauma, kichwa kizito, machozi yanamtoka bila sababu. Na tangu mumewe afariki, hakuna hata wa kumuuliza, "Umeamkaje?"

Wifi yake, muuguzi, alishamwambia tangawizi imefanyiwa utafiti kidogo, huenda ikamsaidia. Dawa nyingi nyingine zilikuwa maneno ya watu tu.

Yule mama alimpa unga kwenye karatasi.

"Unywe ukiwa peke yako," alinong'ona. "Uchungu hauishi, mwanangu. Unabebwa."

"Na nani?"

Mama akainama, akaanza kupanga chupa zake.

Nyumbani alichemsha, akanywa. Harufu ya tangawizi ikajaa chumba... na chini yake nyingine. Udongo uliolowa. Mara kifua kikalegea, kichwa kikawa chepesi. Akacheka peke yake kama mwehu.

Ndipo akasikia kwikwi.

Taratibu... nyuma ya pazia la kitanda. Aliijua kwikwi ile, jinsi inavyokatika katikati.

Ilikuwa yake.

"Nani?" aliuliza.

"Pumzika," sauti ikanong'ona. "Leo nitalia mimi."

Akakimbilia mlangoni, akashika komeo... mkono ukasita. Huko nje angekwenda kwa nani? Akarudi, akaketi ukingoni mwa kitanda.

Godoro likabonyea upande wa pili.

Kesho yake jioni wifi alipita kumjulia hali. Akaunusa ule unga, akauonja kwa ncha ya ulimi.

"Wifi yangu, hii ni tangawizi tupu. Inaweza kukupunguzia maumivu, basi. Hakuna muujiza hapa."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Uso wake ulikuwa mkavu, umetulia kama wa mtu aliyelala.

Ghafla wifi akageukia pazia.

"Una mgeni?"

Fundi akaukunja ule unga kwenye karatasi yake.

"Mbona analia hivyo?" Wifi akamshika mkono, akamvuta. "Twende kwangu. Sasa hivi. Usichukue chochote!"

Fundi akauchomoa mkono wake polepole.

"Tangulia tu, wifi," alisema. "Nikiondoka, huyu atakaa na nani?"