Maneno Chini ya Lebo

"Jineri kwa Pamba. Mgeni anakuja dukani kwako na diskete. Isome kabla hajaondoka. Ova."

"Pamba nimepata. Ova."

Kwandu aliisukuma redio ya Motorola chini ya karatasi chakavu. Bastola yake ya Makarov ilikuwa palepale ilipo siku zote, kiunoni, chini ya kitenge.

Kwa watu wa Bariadi alikuwa mchapaji tu wa stesheneri. Ukimletea faili ya programu hii, anakugeuzia iingie kwenye programu ile. Idara ya Usalama, iliyojiita Jineri redioni, ndiyo pekee iliyojua kazi yake nyingine.

Mlango ukafunguliwa.

Bwana Halden aliingia bila salamu. Mzungu mrefu, miwani ya Ray-Ban. Tangu soko lilipofunguliwa kwa kila mwenye leseni, alikuwa akinunua pamba na kuuza nafaka. Nyuma yake alisimama Ndalahwa, kibarua wake mwenye mabega ya fahali.

"Mwadila, dada," Ndalahwa alimsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, kaka. Mhola?"

"Mhola duhu."

"Acheni kilugha chenu," Halden aliwakatiza. Akatupa diskete mezani. "Lebo za magunia. Chapa. Haraka."

Faili ilikuwa ya Word mpya. Kompyuta ya duka ilikuwa na WordPerfect ya zamani, na printa ya Epson haikuijua programu nyingine.

"Inabidi niigeuze, bwana."

"Igeuze. Leo ni mnada Dutwa. Watu wana njaa, hawasubiri." Alicheka. Akaona picha ya mtoto kando ya kibodi. "Wako?"

"Wangu."

Halden aliizima sigara yake juu ya picha. Usoni pa mtoto.

Kwandu hakupepesa macho. Kuweka picha pale lilikuwa kosa la mama. Jasusi asingelifanya.

Aliagiza mashine igeuze faili. Ikakataa.

Akaifungua mbichi, herufi kwa herufi.

Skrini ilijaa vinyago. Viboksi, alama, takataka. Katikati yake maneno yakajitokeza: MAHINDI MEUPE. CHAKULA.

Akashuka chini zaidi.

MBEGU. IMEPAKWA SUMU. SI CHAKULA.

Akaisoma tena.

Halden hakuwa amefungua faili mpya. Alichukua lebo ya zamani ya mbegu, akafuta, akaandika juu yake. Lakini Word ikihifadhi haraka haraka haifuti kitu. Inabandika maneno mapya na kuyafunika yale ya zamani. Ukiifungua kwa programu ya kigeni, kifuniko kinaanguka.

"Kuna nini?" Halden aliuliza.

"Takataka tu, bwana. Nasafisha."

Akamchapia lebo zake safi. Epson ilipiga kelele kama mashine ya kusaga. Mgeni alipoondoka na diskete yake, faili bado ilikuwa wazi kwenye skrini; Kwandu akachapa nakala mbichi, akaikunja kifuani.

"Pamba kwa Jineri. Mahindi ni mbegu ya sumu. Yako Dutwa. Ova."

"Karatasi haitoshi, Pamba. Ana marafiki wakubwa. Mshike na kitu cha kushikika. Ova."

Kwandu alikuwa ameshapachika redio kiunoni na kupanda pikipiki yake ya Honda.

Mtoto wa kwenye picha, Joyness, alikuwa Dutwa kwa bibi yake. Na bibi alikuwa amesema asubuhi, Kwandu alipomwacha mtoto: leo nanunua mahindi, mtoto anataka uji.

Vumbi. Ng'ombe barabarani. Honda ilipita katikati ya pembe.

Lori la Halden, Scania, lilikuwa limeegeshwa mnadani. Lebo zilikuwa zimeshabandikwa kwenye magunia. Wanawake walijipanga na ndoo, na wa mbele kabisa alikuwa mama yake, Joyness mgongoni.

Maziwa yalimchuruzika Kwandu ndani ya blauzi. Hakumsalimia mama yake; alipaza sauti.

"Usalama! Hakuna kuuza!"

Sajini Mayala, polisi wa zamu mnadani, aliisoma nakala, akakuna kichwa. "Dada, mbona haya ni madudu?"

"Mashine yake imeharibika," Halden alisema, akitabasamu. "Wanawake hawa wana njaa, sajini. Utawaambia nini?"

Foleni ilianza kunung'unika. "Mtoe huyo! Ameshiba huyo!"

Kwandu alimgeukia mama lishe wa mnadani. "Mama Domitila! Twanga mahindi ya bwana huyu. Songa ugali. Vyombo vyote nitakulipa vipya. Na mtu asionje."

Foleni ilisubiri. Jua lilichoma. Ugali ukaja, mweupe, ukifuka moshi. Domitila akamletea Halden maji ya kunawa, kama anavyoletewa mgeni.

Usukumani mgeni hakatai chakula. Walau tonge moja.

"Karibu, bwana," Kwandu alisema.

"Nimeshiba."

"Tonge moja tu."

Watu walisogea karibu.

Halden alilamba midomo. "Ndalahwa. Kula wewe."

Ndalahwa alinawa. Alikata tonge kubwa, akalifinyanga, akalipeleka mdomoni. Kisha akasita.

"Bosi, mbona unarudi nyuma?"

Halden alirudi hatua nyingine.

Tonge likaanguka.

"Mahindi haya tuliyaosha mtoni," Ndalahwa alisema polepole. "Yalikuwa mekundu kwa rangi. Mbwa wangu alikunywa yale maji akafa. Ukaniambia ni nyoka." Sauti ilimpasuka. "Nimekubebea magunia msimu mzima. Unanilisha mimi?"

"Wewe ni rahisi kupata," Halden alisema. Na bastola ya Beretta ikatoka mfukoni.

Makarov ya Kwandu ililia kwanza.

Risasi ilipita katikati ya kiganja. Halden alipiga magoti, akilia kama mtoto. Wanawake walitupa ndoo zao chini, mmoja baada ya mwingine. Sajini Mayala akatoa pingu.

"Jineri kwa Pamba. Hali? Ova."

"Ameshikika. Ova, nafunga."

Halden aliinua uso uliolowa jasho. "Maji... tafadhali. Chochote."

Kwandu alimfungua Joyness mgongoni kwa bibi yake, akampakata, akampa ziwa. Kwa mguu wake akaisogeza sahani hadi chini ya pua ya mgeni.

"Ugali wako unapoa, bwana."

Akaondoka taratibu, mtoto akinyonya.