Mawifi Wawili na Mashua Isiyo na Nanga

Waya unaoshika mlingoti ulikatika mashua yao, Kiroboto, ikiwa ya pili kwenye mashindano, imebakiza boya moja tu ilizunguke irudi klabuni. Mlingoti ukaja chini na tanga lake lote. Mwalimu wa udereva, aliyekuwa ameshika usukani, alijitupa pembeni kuukwepa. Kichwa chake kilipona, mguu haukupona. Mwenzake, wifi yake fundi wa miwani, alirushwa baharini na akarudi ndani kwa kung'ang'ania kamba, anakohoa maji ya chumvi, na miwani yake mwenyewe imeshakwenda na mawimbi.

Fundi wa miwani asiye na miwani! Siku nyingine watu wangecheka mpaka wakae chini. Siku hiyo kila kilichokuwa mbali kuliko ncha za vidole vyake kilikuwa ukungu mtupu.

Dhoruba waliiona mapema. Mashua zote ziliiona, imejijenga nyeusi nyuma ya kisiwa cha ndege, na katika kila mashua kulikuwa na mtu aliyesema, "Tutaiwahi." Hakuna aliyeiwahi. Ilipofika ilipindua mashua moja baada ya nyingine, na boti mbili za injini za klabu zikashikwa na kazi ya kuokota watu karibu na ufuko. Kiroboto ilikuwa mbele, upande wa pili wa kisiwa, na mvua ilikuwa nzito kiasi kwamba hakuna aliyeona ikivunjika.

Mawifi hao wawili wakachota maji na kuyamwaga nje, mmoja kwa kopo, mwingine kwa kofia, mpaka mikono ikafa ganzi. Walimwaga maji ya bahari na maji ya mvua pamoja. Nani angekumbuka kuyatenganisha?

Dhoruba ilipokatika, bahari ikatulia ghafla kama mtu aliyemaliza kugomba. Mashua ilikuwa inasogea taratibu kuelekea nje, juu ya maji ya kina kifupi. Hata fundi, kwa macho yake hayo, aliona mchanga mweupe ukipita chini yao. Akatambaa hadi kwenye kisanduku cha mbele, akaingiza mkono, akapapasa.

"Wifi, nanga iko wapi?"

Mwalimu aligeuza uso baharini.

"Wifi! Mchanga huu hapa! Tukitupa nanga sasa hivi tunakaa, wanatukuta. Nanga iko wapi?"

"Nimeiacha gatini."

Hapo lazima mtu aelezwe tabia ya klabu ile. Kila asubuhi ya mashindano, mkaguzi hupita mashua hadi mashua: nanga ipo, dumu la maji lipo, kasia la akiba lipo, haya, nendeni. Akigeuza mgongo tu, vitu vizito vinashushwa na kupangwa kivulini nyuma ya banda. Wanaita kupunguza mwili. Mkaguzi anajua, maana akishindana yeye hufanya hivyohivyo. Lakini kuna kiasi chake. Ukitoa hiki, unaacha kile.

Fundi alivimba kwa hasira. Tangu aolewe, wifi yake huyu alimchukulia kama mwanafunzi aliyefeli mtihani wa barabarani. Alimsahihisha namna ya kukata vitunguu, namna ya kufunga geti, hata namna ya kumbembeleza mtoto wake mwenyewe. Na leo asingekuwepo hapa kama si mumewe, fundi wa majokofu, kutaka kumwonyesha mteja kwamba anaweza kubeba friji peke yake. Mgongo ulimlipukia, sasa amelala juu ya ubao, na dada mtu akahitaji mtu wa kujaza nafasi yake.

"Umetoa nanga," alisema. "Wewe, mwalimu wa usalama barabarani!"

"Kelele baadaye. Niletee maji nioshe mguu."

Sasa ikawa zamu ya fundi kugeuza uso.

"Wifi. Maji, tafadhali."

"Maji nimeyaacha gatini mimi."

Walitazamana. Kila mmoja alikuwa ameshusha chake kwa siri, akiamini cha mwenzake kimebaki, akitaka mwenzake ashangae jinsi mashua inavyoruka. Kama wangesemeshana asubuhi ile, hata kwa kugombana, kimoja kingekuwemo. Mchanga chini yao ukageuka kijani, kijani kikageuka bluu nzito, na mwalimu akaanza kucheka. Alicheka mpaka maumivu yakamkaba na kicheko kikageuka mlio.

Ndipo fundi alipouangalia ule mguu. Kwa karibu macho yake yalikuwa makali, ndiyo kazi iliyomlisha. Mfupa ulikuwa umevunjika chini ya goti, na jeraha refu lilikuwa linatoa damu bila haraka wala kukoma. Alivua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja, akakigandamiza hapo kwa uzito wake wote.

"Unaniumiza."

"Najua. Nipe kisu chako."

Alilichana tanga kubwa akatoa zile fito nyembamba zinazolinyoosha, akazipanga mbili kila upande wa mguu na kuzifunga kwa kamba, fundo juu ya fundo. Mwalimu aliuma ukanda wa jaketi lake la kuokolea asipige kelele. Fundi alipomaliza, mwalimu alilala chali, uso umepauka, akasema, "Fundo la tatu umelifunga vibaya."

"Lifungue ulifunge mwenyewe."

"Basi, liache."

Mchana ule waliuona mbali moshi wa boti. Mwalimu aliuona, yaani, na fundi akapuliza filimbi ya jaketi lake upande alioonyeshwa mpaka midomo ikavimba. Boti ikapotea. Mfuko wenye simu ulikuwa chini ya bahari. Kasia walikuwa nalo moja, na upepo wa kutoka nchi kavu uliwasukuma nje kwa bidii, kama umelipwa.

Usiku walikumbatiana kwa sababu ya baridi, si kwa sababu ya mapenzi. Mwalimu alianza kuchemka mwili. Alimwambia mwanafunzi asiyekuwepo apunguze gia, amwangalie mwenye baiskeli, asome kioo.

"Usilale," fundi alimwambia. "Wifi, unanisikia? Ukinifia humu, nitamwambia nini kaka yako? Nitamtazama kwa macho gani?"

"Utamwambia nimekufa nikiwa wa pili."

"Usinichekeshe. Mimi naogopa kweli."

"Hata mimi," alisema mwalimu, na fundi hakuwahi kumsikia akisema hivyo.

Alfajiri yalidondoka manyunyu. Fundi alilitandaza lile tanga dogo la mbele haraka, akalifanya bonde katikati, na maji yakaanza kukusanyika. Akainamisha mdomo.

"Hayo mwaga," mwalimu alisema kwa sauti iliyokauka.

"Una wazimu?"

"Tanga limejaa chumvi. Ya kwanza yanaosha. Yamwage, subiri mengine."

Kuyamwaga kulimuuma fundi kuliko njaa. Alisubiri huku anaapa kwamba mvua ikikatika sasa atamsukuma mtu baharini. Haikukatika mara moja. Yaliyofuata yalikuwa na ladha ya kamba na rangi, lakini yalinyweka. Alimnywesha mgonjwa kwanza, maji yakiwa yamefunika chini ya kopo tu, kisha akanywa yeye na kulamba kitambaa cha tanga mpaka kikakauka.

"Sikiliza," mwalimu alisema, sauti imepata nguvu kidogo. "Jua likipanda, upepo utageuka. Utatoka baharini kwenda pwani. Tunatakiwa tuwe na tanga limesimama kabla haujaja."

Mlingoti ulikuwa umebaki kipande cha urefu wa mtu. Fundi alikisimamisha kwenye tundu lake, akakifunga kwa kamba mbele na pande zote mbili, akapandisha lile tanga dogo likiwa limelala upande. Lilionekana kama shuka iliyoanikwa na mtu mvivu. Lakini jua lilipopanda upepo ukaja kweli, tanga likajaa, na maji yakaanza kunong'ona tena chini ya Kiroboto. Fundi alilia bila kujificha.

Likabaki tatizo moja. Aliyeweza kushika usukani hakuona, na aliyeona hakuweza kukaa. Walilitatua kwa kumwegemeza mwalimu kwenye kipande cha mlingoti, amefungwa kiunoni asianguke, mguu umenyooshwa mbele. Nyuma akakaa fundi, mkono kwenye usukani, macho kwenye mdomo wa wifi yake.

"Kushoto kidogo," mwalimu alianza. "Kidogo nimesema. Usiuvute kama unafungua kabati. Nyoosha. Hapohapo."

Ilikuwa sauti ileile iliyomkera kwa miaka, na fundi aliishika sasa kama mtu aliyeshika ukuta gizani. Walikwenda hivyo asubuhi yote na mchana wote. Nchi kavu ikatokea, mwalimu akamweleza: mstari, kisha mstari mnene, kisha miti. Kisha akanyoosha shingo.

"Nini?"

"Kuna mwamba mbele ya ufuko. Mawimbi yanapasukia juu yake."

"Tusubiri maji yajae?"

"Tusubiri kwa kushika nini? Nanga?" Hakuna aliyecheka. "Kuna mlango. Mwembamba, ila upo. Tutapita. Unanisikiliza mimi tu, sawa? Husikilizi kelele za maji."

"Sawa."

"Kulia. Kulia tena. Nyoosha."

Ngurumo ya mawimbi ilikua mpaka ikajaa kifuani. Fundi aliona weupe kulia, weupe kushoto, na weupe wote ulikuwa unatembea. Mguu mzima wa mwalimu ulikuwa unakandamiza sakafu ya mashua, unatafuta breki.

"Kushoto. Sasa ny—"

Wimbi liliinua nyuma ya mashua na kuwamwagia. Lilipopita, kichwa cha mwalimu kilikuwa kimelala kifuani.

"Wifi!"

Hakuna.

"Wifi, nielekeze! Sioni! Wifi yangu, nielekeze!"

Hakuna jibu zaidi ya maji. Fundi alitaka kuachia usukani amkimbilie, mwili wake wote ulitaka hivyo. Akajua kwamba akiuachia wanakufa wote wawili. Akafumbua yale macho yake mabovu kadiri yalivyofumbuka. Miamba hakuiona, lakini rangi aliziona, na rangi alizijua. Maisha yake yote alikuwa anawauliza watu, hii ni wazi zaidi au hii? Weupe huku. Weupe kule. Katikati, utepe wa bluu, umepinda kidogo kulia.

"Nyoosha," alijiambia kwa sauti kubwa, kwa lafudhi ya wifi yake. "Kulia kidogo. Kidogo nimesema!"

Kitu kilikwaruza ubavu wa mashua kutoka mbele hadi nyuma. Maji yakaingia. Alishikilia hapohapo. Kisha ngurumo ikawa nyuma yao, maji yakalainika, na Kiroboto, imejaa nusu, ikajikokota hadi ikakaa juu ya mchanga.

Alikata kamba ya kiunoni kwa mikono iliyokuwa haifungi tena vizuri, akamshika mwalimu kwa ukanda wa jaketi na kumvuta kinyumenyume kwenye maji ya magotini. Alianguka, akainuka, akaanguka. Alikuwa anamsema njia nzima. Alimwambia yeye ni mzito, ana mdomo, alitakiwa apunguze mwili wake badala ya nanga, na kwamba akithubutu kufa baada ya kazi yote hii hatamsamehe.

"Unavuta vibaya," ilisema sauti ndogo kutoka chini.

Fundi aliketi majini, akamkumbatia kichwa, akambusu kwenye nywele zilizojaa chumvi.

Wafanyakazi wa mashamba ya chumvi ndio waliowaona. Walikuja mbio na toroli, wakawapa maji kwa vifuniko vya chupa, kidogo kidogo, wakambeba mwalimu ndani ya toroli hadi kwenye lori, na lori likawafikisha hospitali. Mmoja wao alimpigia simu fundi wa majokofu, ambaye alikuwa gatini tangu jana, amesimama na mgongo wake huohuo. Alipiga yowe, watu wakadhani ameletewa msiba.

Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa na nesi mwenye uso wa kazi. Fundi wa miwani alikuwa ameshika ukingo wa kitanda cha magurudumu, na vidole havikutaka kuachia.

"Dada, wewe bakia hapa," nesi alisema. "Hapa anapita ndugu wa karibu tu, amsainie, amuage kidogo. Wewe ni nani wake?"

Fundi alifungua mdomo. Alitaka kusema ukweli, kwamba ameolewa na kaka yake, basi. Alikuwa amechoka mno kubishana, na machozi yalikuwa yameshaanza.

"Ni ndugu yangu," alisema mwalimu kutoka kitandani.

Nesi aliwatazama. Hawakufanana hata kidogo. "Wa tumbo moja?"

"Wa mashua moja," mwalimu alisema. "Mpitishe, na umshike mkono, haoni vizuri."

Nesi aliangalia ile mikono miwili, imechubuka kwa kamba ileile, mmoja juu ya mwingine kwenye shuka. Aliufungua mlango, akampa fundi bega lake, wakaingia.